Mtori, matarumbeta na hema la kupimia

Ratiba ya maadhimisho ya Siku ya UKIMWI Duniani, katika kata nyingi za hapa Moshi, unaweza kuiandika ukiwa nyumbani bila kumuuliza mtu yeyote. Maandamano yanaanzia ofisi ya kata saa mbili asubuhi, maana yake saa nne. Matarumbeta yanatangulia juu ya gari la wazi, wanafunzi wanafuata na mabango, viongozi wanapokelewa uwanjani, risala inasomwa kwa mgeni rasmi, kisha ngonjera, kwaya, igizo, ushuhuda, hotuba, na neno la shukrani ambalo mara nyingi huwa refu kuliko hotuba yenyewe. Pembeni ya uwanja kuna hema la kupimia. Nimekaa kwenye kamati ya kudhibiti UKIMWI ya kata yetu kwa muda wa kutosha kuiona ratiba hiyo ikirudiwa chini ya kaulimbiu mbalimbali, na nimefikia msimamo ambao ninautetea kila tunapokutana: sherehe ya aina hii hupunguza unyanyapaa pale ambapo watu wanaoishi na VVU ndio wenyeji wake. Wanapogeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa, watu hurudi nyumbani na unyanyapaa wao wote, tena ukiwa umeongezewa huruma, na huruma ya namna hiyo ni mzigo mzito kwa anayehurumiwa.

Nianze na ushuhuda, kwa kuwa hapo ndipo ninapotofautiana zaidi na wajumbe wenzangu. Mama mmoja wa mtaa wa jirani, aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na kituo cha daladala, aliombwa azungumze jukwaani. Alikubali kwa sababu aliyemwomba ni mtu anayemheshimu, na kwa sababu palikuwa na posho ndogo. Mshereheshaji alimtambulisha kwa sauti ile ile anayoitumia kumtambulisha bibi harusi, akaomba apigiwe makofi, kisha akaanza kumhoji mbele ya umati: alijua lini, alijisikiaje, anadhani aliupata kwa nani, mume yuko wapi. Simu zilikuwa zimeinuliwa juu zikirekodi. Mama alijibu kila swali bila kusitasita, akashukuru, akarudi kukaa. Jioni hiyo video ilikuwa imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, na haukupita muda mrefu meza yake ya vitumbua ikahamia upande wa Kiborloni, ambako hakuna anayemfahamu. Waliompigia makofi ndio hao hao walioacha kununua. Sheria ya Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na inalinda usiri wa majibu ya kipimo, lakini hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu kununua kitumbua.

Wenzangu hunijibu kwamba bila shuhuda tusingefika tulipo, na katika hilo wana haki. Wagonjwa wa kwanza hapa nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata maradhi haya yalikuwa hayatajwi kwa jina. Katika mkoa huu wa wafanyabiashara na wasafiri, kijana aliletwa kutoka mjini akiwa amebaki mifupa, akauguzwa chumba cha nyuma, akazikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na tangazo la msiba likasema alikuwa na kifua kikuu au malaria kali, kama halikunyamaza kabisa. Mtu aliyesimama wakati ule akasema waziwazi kwamba anao alifanya jambo ambalo mimi nisingethubutu kulifanya. Hata hivyo, ukitazama kwa makini kazi iliyobadilisha mioyo ya watu katika miaka hiyo, utaona kwamba sehemu kubwa haikufanyika jukwaani. Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI, ambacho wengi tunakifahamu kwa jina la KIWAKKUKI, kilianzishwa hapa Moshi mwaka 1990, mwaka ambao Siku ya UKIMWI Duniani ilielekezwa kwa wanawake, na nguvu ya akina mama hao ilikuwa kuingia majumbani: kumwosha mgonjwa, kumgeuza kitandani, kukaa naye na kuzungumza na ndugu zake, kufuatilia watoto walioachwa. Jirani aliyeona mwanamke mwenye akili zake timamu akimshika mgonjwa kwa mikono yake na kesho yake akiwa mzima alijifunza jambo ambalo bango lenye fuvu la kichwa lisingeweza kumfundisha.

Tangu hapo mengi yamebadilika upande wa tiba. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipima hadharani jijini Dar es Salaam kuzindua kampeni ya kitaifa ya upimaji, na kwa muda fulani kupima kukawa jambo la kujivunia. Mwaka 2016 nchi iliingia katika utaratibu wa kumwanzishia dawa kila anayegundulika, bila kusubiri kinga zake zishuke. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, na kiwango cha juu zaidi kikiwa Njombe, asilimia 12.7. Jambo kubwa kuliko yote, ambalo bado halijawafikia watu wetu ipasavyo, ni kwamba mtu anayemeza dawa zake vizuri hadi kipimo cha wingi wa virusi kisione kitu hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Tafiti zilizofuatilia wenzi kwa miaka mingi zililionyesha hilo, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hatari katika hali hiyo ni sifuri.

Dawa zimebadilika, lakini igizo letu halijabadilika. Mhusika mkuu bado anaenda mjini, anapata fedha, anapata wanawake, anakonda, anarudi, anakufa katika onyesho la nne, na watoto wa shule wanacheka anapoanguka. Kijana mmoja aliyezaliwa na maambukizi, fundi simu mwenye afya na maneno mengi, aliniambia, “Mzee, lile igizo linaniua kila mwaka, na mimi mwakani nataka kuoa.” Nililipeleka suala hilo kwenye kamati. Mwalimu anayetunga igizo alisema bila kifo halitakuwa na fundisho, tukabishana hadi giza likaingia, na mwishowe tukakubaliana kwamba mhusika anaweza kuugua na kupona. Ni hatua ndogo, lakini katika kamati hatua hupimwa kwa kipimo chake.

Vijana wa aina yake ni wengi kuliko tunavyodhani, kwa sababu watoto waliozaliwa na VVU na kuwahi dawa sasa ni watu wazima. Moshi ina historia nzuri katika kuwahudumia. Programu iitwayo Sauti ya Vijana, iliyoanzia hapa kwa ushirikiano wa hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, hukutanisha vijana wanaoishi na VVU katika vikao vya vikundi vinavyoongozwa na vijana wenzao waliofunzwa, wakazungumza kuhusu msongo wa mawazo, unyanyapaa, namna ya kumweleza mtu hali yako na namna ya kuendelea na dawa. Ninachokipenda katika mpangilio huo ni kwamba anayeongoza kikao ni mtu aliyepita njia ile ile, na mlango umefungwa. Sherehe ya hadharani haiwezi kuwa kama kikao hicho, na wala isijaribu. Yenyewe ina kazi nyingine, ambayo ni kuwakutanisha watu wenye maambukizi na wasio nayo katika shughuli ambayo hali ya mtu haiulizwi.

Tulipowauliza vijana wanataka nini, walisema wanataka bonanza la mpira na pete, timu zipangwe kwa mitaa, asiwepo mtu wa kutangaza nani ni nani, na zaidi ya yote wasivalishwe fulana. Jambo la fulana lilinishangaza kwa muda, kwa maana fulana ndiyo kitu cha kwanza kuombwa katika kila maadhimisho. Walieleza kwamba fulana yenye maandishi makubwa ya VVU kifuani, ukiivaa kurudi nyumbani kwenye daladala, inakutangaza hata kama wewe ni mwamuzi wa mpira tu. Nadhani hiyo ndiyo sababu fulana zetu huishia kuvaliwa wakati wa kulima kihambani, ambako hudumu kuliko viongozi waliozizindua.

Sasa nieleze habari ya mtori, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu ninachokisema.

Katika kata yetu kuna kikundi cha akina mama wanaoishi na VVU, sehemu ya konga, yaani mtandao wa wilaya wa watu wanaoishi na VVU, ambao wana kikoba chao na hupika kwenye misiba na kipaimara wanapopata kazi. Tulipowaita kwenye kikao tukiwa na nia ya kuomba mtu wa kutoa ushuhuda, mwenyekiti wao alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hawana mtu wa ushuhuda mwaka huo, ila wamesikia kamati inatafuta wa kupika chakula cha wageni, nao wameleta makadirio yao ya gharama. Alikuwa ameyaandika kwenye karatasi ya daftari, vizuri, ndizi mkungu kwa mkungu. Kikao kilinyamaza. Meku mmoja, mzee tunayemheshimu wote, aliondoa miwani akasema kwa upole kwamba yeye binafsi hana neno, ila anaogopa watu hawatakula na chakula kitaharibika. Mwenyekiti akamjibu, “Meku, shikamoo. Chakula kikibaki, hatudai.” Zabuni wakapewa.

Siku yenyewe walifika kabla ya alfajiri na mafiga yao. Ndizi mshare zilimenywa pale pale uwanjani, kila apitaye akaona, nyama ikachemshwa na mifupa yake, na ilipofika wakati wa kuponda, akina mama wawili walishika miiko mirefu wakaponda kwa zamu, sufuria ikishikwa kwa matambara na mwenzao wa tatu, mpaka mtori ukalainika ukaacha kudondoka kwenye mwiko. Walikuwa na vikombe vya bati, vya kuazima kanisani, ambavyo havikutosha idadi ya watu, kwa hiyo vilikuwa vikioshwa kwenye beseni mbili na kurudishwa mezani vikiwa bado vinatiririka maji. Kila mtu pale alijua wapishi ni akina nani. Huu ni mji ambao watu wanajuana hadi bibi wa mtu alizaliwa wapi. Hotuba zilipokwisha na mshereheshaji akatangaza chakula, kwa dakika kadhaa hakuna aliyesogea. Watu walijifanya wanatafuta viatu vya watoto.

Walioanza ni vijana wa matarumbeta. Walikuwa wamepuliza tangu asubuhi chini ya jua, njaa imewashika, na sidhani kama waliwaza chochote zaidi ya hiyo. Walijipanga, wakachukua vikombe, wakarudi mara ya pili kabla foleni haijaanza. Wakafuata waendesha bodaboda, kisha watoto, kisha wazazi wa watoto wakiwa wamewafuata kuwazuia na kujikuta wamepewa vikombe mkononi. Meku alikuja karibu na mwisho, akakuta sufuria la kwanza limekwisha, akalalamika kwamba kamati haikukadiria vizuri. Alipewa ule wa chini, wenye nyama nyingi. Tangu siku hiyo kikundi kimepika kwenye harusi mbili za watu ambao hapo awali wasingewaita, na mmoja wa wenye harusi hizo ni mtu niliyewahi kumsikia akisema kwamba shemeji yake, aliyekuwa kwenye dawa, ana kikombe chake peke yake nyumbani, “kwa usalama wa watoto.” Mtu huyo huyo alikuwa amewahi kujibu kwa usahihi swali la mshereheshaji kuhusu njia ambazo VVU haviambukizi, akashinda kofia. Elimu alikuwa nayo siku zote.

Kuhusu hema la kupimia nitasema kwa ufupi zaidi, ingawa lina ufundi wake. Zamani tulilisimika ukingoni mwa uwanja, upande wa barabara, likiwa na bango kubwa la kuwaalika watu kupima VVU, na tulishangaa kwa nini wanaume hawaingii. Akina mama wengi wamezoea kupimwa kwa kuwa kliniki ya wajawazito huwapima. Mwanaume anayeingia kwenye hema lile mbele ya kijiwe cha bodaboda anajua kwamba atahesabiwa muda aliokaa ndani na kusomwa uso anapotoka. Sasa tunaweka meza moja ya kujiandikisha, na nyuma yake vyumba vya turubai vya presha, sukari, macho, uchangiaji wa damu na VVU, vyote vikiwa na mlango wa aina moja, na foleni ikiwa moja. Aliyeko kwenye foleni anaweza kuwa na shida yoyote. Kipimo ni tone la damu ya kidole na majibu hayachukui hata nusu saa. Kikionyesha maambukizi kinafuatiwa na kipimo kingine cha kuthibitisha, na mtu anazungumza na mshauri nasaha kabla ya kuondoka. Wasiopenda foleni ya aina yoyote wanaweza kuomba kipimo cha kujipima wenyewe nyumbani, jambo lililoruhusiwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, ambayo pia yalishusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi hadi miaka 15.

Mbio za Mwenge nazo hufuatana na mahema ya kupima kila zinapopita. Mwenge wa Uhuru uliwashwa kwa mara ya kwanza kwenye kilele cha Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961, kwa hiyo sisi wa huku tunajiona kama wenye nao, na ujumbe wa UKIMWI ni miongoni mwa jumbe zake za kila mwaka. Mkesha wake, hata hivyo, kwa maoni yangu ni mahali pagumu pa kuhubiri tahadhari saa nane za usiku.

Kupima si mwisho wa safari, na hapa sherehe inafikia ukomo wake. Najua watu wa Moshi wanaopanda kosta hadi Boma Ng’ombe au hata Arusha kila wanapohitaji dawa, ilhali zahanati iko mtaani kwao, kwa sababu hawataki kuonekana na jirani kwenye benchi la kliniki ya tiba na matunzo. Nauli hiyo ni kodi ya unyanyapaa, na mwezi ambao nauli haipo ndio mwezi ambao dozi hukatika. Kama maadhimisho yetu yana kipimo chochote cha maana, basi ni kama watu hao siku moja wataona wanaweza kuchukua dawa mtaani kwao. Wawili nawajua walioanza kufanya hivyo. Mmoja wao ni mkulima wa kahawa kutoka huko juu, aliyeomba mwenyewe kuzungumza katika maadhimisho yaliyopita. Tulimpa kipaza sauti, akazungumza karibu muda wake wote kuhusu bei ya kahawa na miche inayostahimili magonjwa, na katikati, kama anayekumbuka jambo, akasema kwamba anameza dawa tangu mwaka 2006 na kwamba ndizo zilizomwezesha kuiona mibuni hiyo ikizaa. Tulikuwa tumekubaliana hakuna kurekodi. Ushuhuda wa namna hiyo siupingi hata kidogo.

Fedha zimepungua. Mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watoa huduma ngazi ya jamii, wale wanaofuatilia walioacha dawa, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutikiswa, na maadhimisho yakawa jambo la mwisho kufikiriwa. Kwa upande wa kliniki hilo ni jambo zito na sitaki kulipamba. Kwa upande wa sherehe, nakiri kwamba kukosa fulana, kofia na mapambo ya jukwaa hakujatupunguzia kitu. Vijana wa matarumbeta sasa wanakuja kwa nauli na mtori.

Ninachokipigania kwa sasa ni tarehe. Tarehe 1 Desemba tunaimba na waliobaki, wakati wenzetu wanaoishi Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko wanarejea nyumbani wiki tatu baadaye. Kuna wanandoa wanaoishi mbalimbali mwaka mzima ambao hulala nyumba moja kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya, na hao ndio tungependa wapime pamoja. Nimependekeza siku ya kitaifa tuiadhimishe kwa maandamano mafupi na sala ya kuwakumbuka waliotutoka, kisha bonanza, mtori na mahema vihamishiwe katikati ya sikukuu hizo. Paroko amekubali kutangaza, mchungaji amekubali, akina mama wameshaandika makadirio mapya, na meku ameomba safari hii sufuria ziongezwe. Tumebakiza kumpata mtaalamu wa maabara atakayekubali kuacha familia yake siku hizo, kwa posho ambayo diwani ameahidi lakini bado haijaonekana.